Salama, Ila

“Umeamkaje, Sekela?”

Sauti ilitoka kwenye goti la kulia, kama kila asubuhi. Goti la kushoto huwa halisemi. Kazi yake ni kusikiliza.

“Salama,” nikasema, na kabla sijafunga mdomo magoti yote mawili yakawaka kijani, mikanda ikakaza mapajani, nikaanza kunyanyuliwa kutoka kitandani kama mtu aliyeshikwa makwapa na ndugu wawili wenye haraka.

Bado nilikuwa na kioo mkononi. Ikabidi niyaamuru yakae, nami nikamalizia kujitazama.

Huku kwetu Tukuyu tunayaita mapacha, kwa sababu huja mawili na hayaachani. Wazee hawakulipenda jina hilo. Zamani mapacha wakizaliwa, nyumba nzima ilitengwa mpaka isafishwe kwa dawa. Lakini jina likishashika, nani atalibandua? Ni fremu mbili nyepesi, nyeusi, zinaanzia kiunoni na kuishia kwenye nyayo, na ndani zina vijicho vidogo vinavyopima joto la ngozi. Mtu aliyepooza miguu anayavaa, anasimama, anatembea, anapanda kilima na gunia la ndizi mgongoni. Nimeyaona hayo kwa macho yangu.

Mimi nilianguka kutoka juu ya mparachichi nikiwa na miaka kumi na tisa. Tangu siku hiyo, kuanzia kiunoni kwenda chini sina habari zangu mwenyewe. Ukinichoma kaa la moto mguuni nitajua kwa harufu. Ndiyo maana nesi aliyenilea wodini alinipa kile kioo chenye mpini mrefu uliopindwa, akaniambia nijitazame nyuma asubuhi kabla ya chai na jioni kabla ya ugali, kila siku ya maisha yangu. Ngozi isiyohisi, alisema, huoza kimya kimya. Mtu anakalia mkunjo wa nguo, anakalia kokoto, hajui, na wiki ikipita pana shimo.

Tulikuwa watu arobaini na mmoja wenye mapacha mjini, na mwenye kutumia kioo nilibaki peke yangu. Wenzangu walisema mapacha yanatazama kwa niaba yao. Mama Lusubilo alikuwa akiwachekesha watu kanisani kwamba Sekela anajitazama makalio kuliko bi harusi anavyojitazama uso.

Asubuhi ile sikuwa na alama yoyote. Nikaweka kioo chini ya mto, nikayaambia mapacha twende.

*

Mama Lusubilo nilimfahamu kabla hajawa na mapacha. Kifua kikuu kilimwingia kwenye uti wa mgongo akiwa mama wa mtoto mmoja, na kwa miaka kumi na moja aliimba sauti ya pili akiwa amekaa kwenye ncha ya benchi, wenzake wamesimama. Wakiinuka wote kuimba, yeye alikuwa anaviona viuno vyao tu. Alizoea kusema kwamba anamjua kila mwanakwaya kwa mkanda wake.

Sasa alikuwa anasimama mstari wa mbele. Mchana alichambua majani kiwandani, kule kwenye mkanda unaopitisha chai, na jioni ya Alhamisi alikuja mazoezini moja kwa moja na vumbi la chai kwenye nyusi. Alipenda kuyatania mapacha yake. Siku za mwanzo yalikuwa yakimwamkia shikamoo, na yale ya Mzee Mwasomola, mwenye miaka sabini na mbili, yakimwita kaka. Mama Lusubilo aliuliza mbele ya watu wote haya magoti yamelelewa na nani.

Alhamisi hiyo tulikuwa tunajiandaa na sikukuu ya mavuno. Nilisimama nyuma yake. Wimbo wa pili ulipoanza nikasikia harufu.

Kwanza nilidhani ni panya amefia chini ya mbao. Nikavumilia. Alipoinama kuokota kitabu, harufu ikaja na upepo wa gauni lake, tamu na nzito, nikaitambua. Wodini kitanda cha jirani yangu kilinuka hivyo kwa mwezi mzima, kisha kikawa kitupu.

Nikasubiri mazoezi yaishe. Nikamwomba anisindikize kwenye chumba cha vyombo. Nilimsalimia upya huko ndani, maana sikujua nianzie wapi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Si umeshaniamkia leo? Una nini?”

Nikamwambia nataka kumtazama. Alicheka, akasema bi harusi leo amemgeukia yeye. Lakini alipoona sicheki, akayaamuru mapacha yalegeze mikanda, akashika ukingo wa meza, nami nikamwinua gauni na kuingiza kioo.

Shimo lilikuwa chini ya mfupa wa tako la kushoto. Juu lilikuwa dogo, kama kifuniko cha soda, lakini kingo zake zilikuwa nyeusi, na ndani palikwenda mbali kuliko kioo kilivyoweza kuona. Nikamgeuzia kioo ajionee. 

Magoti yake yalikuwa yanawaka kijani.

“Asubuhi yanakuuliza?” nikasema.

“Yananiuliza kila siku.”

“Unayajibu nini?”

“Naijibu mashine kama ninavyomjibu mtu, Sekela. Salama. Halafu nataka kuiambia kwamba usiku nahisi homa, kwamba chupi ina majimaji. Lakini nikishasema salama, yenyewe tayari inaninyanyua. Sasa nitabishana na kitu kinachonibeba?”

Nilimwambia tuondoke hapohapo tukaone daktari. Akashusha gauni, akalinyoosha kwa viganja vyote viwili. Alisema anajua watakachomwambia, kwa sababu walishamwambia zamani: alale kifudifudi miezi mitatu. Atalala. Jumatatu atakwenda mwenyewe. Ila Jumapili ni mavuno, na kuna ubeti mmoja anaimba peke yake, akiwa amesimama, mbele ya watu waliomzoea akiwa kwenye ncha ya benchi.

“Niache mpaka Jumapili, mwanangu. Usimwambie mtu.”

Nikamkubalia. Nilikubali nikiwa natazama chini, na nilichokiona huko chini ni yale magoti.

*

Ijumaa nilikwenda kituo cha mapacha, mkabala na kibanda cha Mzee Mwasomola, fundi viatu. Injinia Mkunde alikuwa peke yake, anachaji betri. Ni kijana wa Upareni, mpole, asiyependa kumwangalia mtu usoni. Tulifahamiana kwa kazi. Ni mimi niliyeyafundisha mapacha kusikia.

Sina budi kulieleza hili vizuri, maana ndilo lililoninyima usingizi.

Huku kwetu mvua hainyamazi, na kilima kinampandisha mtu jasho katikati ya baridi. Vijicho vya ndani ya mapacha vilikuwa vinachanganyikiwa. Joto kidogo vilisema kidonda, unyevu kidogo vilisema kidonda, na mapacha yakawa yanakataa kusimama siku tatu katika kila wiki. Watu wakalalamika. Ndipo kampuni ikaweka sheria mpya ndani yake: sauti ya mwenye mwili iko juu ya vijicho. Mapacha yaulize. Mwenyewe akisema ni mzima, basi ni mzima.

Sasa mashine haizaliwi ikijua mzima anasemaje. Wakatafuta mtu wa kukaa nayo, mtu anayejua watu wa huku wanavyojibu, msikivu, asiye na haraka. Nilikuwa nimeishia darasa la saba na nilikuwa kwenye kiti mwendo, sina pa kwenda. Nikavalishwa hedifoni katika chumba cha juu ya duka la misumari. Sauti inapita: mtu kaulizwa umeamkaje, anajibu. Kitufe cha kijani, mzima. Kitufe cha njano, si mzima. Kwa wiki kumi nilisikiliza sauti elfu kumi na moja, na malipo yangu yalikuwa miguu.

Salama. Kijani. Sijambo. Kijani. Tunamshukuru Mungu. Kijani. Nzuri tu. Kijani.

Kila sauti ilikatwa sekunde ya tatu. Na mara nyingi, nyingi mno, baada ya “salama” na kabla ya kukatwa, nilisikia mtu akivuta pumzi.

Unaijua hiyo pumzi. Mtu akiivuta, mwenyeji wake hasemi kitu. Anasogeza kigoda, anangoja, kwa sababu “ila” inakuja. Salama, ila mtoto hajalala. Salama, ila mzee ametutoka alfajiri. Hakuna mtu aliyelelewa anayeanza na msiba. Salama ni mlango tu, habari yenyewe imekaa ndani. Mimi nilizisikia zile pumzi zote, na nilibonyeza kijani, kwa kuwa neno lililosemwa lilikuwa salama.

Mara moja tu nilimuuliza Mkunde mbona sauti zinakatika. Alinijibu kwamba sekunde tatu zinatosha, mashine haihitaji porojo.

Ijumaa ile nikamkumbusha. Nikamweleza nilichokiona, bila kumtaja mwenye kidonda. Akaacha betri, akafunga mlango, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimeshamwambia mtu mwingine. Kisha akanionyesha kisanduku cha taarifa ukutani, kile ambacho mwenye mapacha anazungumza nacho akiwa na tatizo.

“Ukisema neno jeraha mbele ya hicho, dada Sekela, haliishii hapa,” akasema. “Sheria ni moja. Mapacha yakimjeruhi mtu, yanakaa yote. Ya hapa, ya Mbeya, ya Njombe, watu mia tisa, saa ileile. Hayataamka mpaka sauti zote zisikilizwe upya.”

“Itachukua muda gani?”

“Hata sijui kama watarudi kusikiliza.”

Nikamuuliza yeye angefanya nini. Alisema mimi ndiye ninayevaa, yeye ana miguu yake, haimpasi kunishauri. Halafu akanishauri. Nisubiri kidogo, aliandike kwa maneno laini, kwamba kuna jambo dogo la kusikia linahitaji marekebisho. Nilipotoka aliniita, akasema nisisahau kwamba na mimi nitakaa.

Nilikuwa sijasahau. Nilishuka ngazi zile nikizihesabu moja moja kwa miguu ambayo sikuihisi. Niliikumbuka miaka ile minne ya matope, nikiburutwa na mama yangu ndani ya kiti mwendo kisichojua mlima.

*

Jumamosi nikatafuta njia ya tatu. Nilidhani nimeipata. Kama mashine inasikia neno la kwanza tu, basi watu wabadilishe neno la kwanza. Nikapita kwa wenzangu mmoja mmoja, nikawaambia kesho mkiulizwa msiseme salama, anzeni na shida.

Walinisikiliza kwa adabu. Atupele wa sokoni aliniambia alishalijaribu hilo bila kukusudia. Alikuwa na mafua, akajibu vibaya, mapacha yakawaka njano na kumkalisha siku mbili huku nyanya zake zikioza. Tangu hapo hata akiumwa kichwa anajibu nzuri sana. Wengine walikuwa wameambiwa na yeye. Nikaelewa kwamba siyo adabu peke yake. Mapacha nayo yalikuwa yametufundisha kitu.

Mzee Mwasomola alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kushona. Anapenda kujitania kwamba ni fundi viatu asiyejua kiatu kinabana vipi. Siku hiyo hakutania.

“Mwanangu,” akasema, “siku mke wangu alipofariki, jirani alipita asubuhi akaniuliza umeamkaje. Nikamwambia salama. Ndipo nikamkaribisha ndani, nikamwambia kuna msiba. Mtu niliyekua naye. Sasa goti ndilo niliambie malalamiko kwanza, alfajiri, wajukuu wananisikia? Huko ni kujiitia balaa.”

Nikarudi nyumbani nikiwa nimekasirika na watu wote, hasa kwa vile nilijua wana haki. Jioni, kabla ya ugali, nikajitazama. Kulikuwa na alama nyekundu kwenye nyonga yangu ya kulia, upana wa kidole gumba. Niliibonyeza kama nesi alivyonifundisha. Haikugeuka nyeupe. Maana yake kidonda kimeanza.

Asubuhi ya Jumapili nikakaa kitandani nimejiandaa. Nimelipanga neno mdomoni kama mtoto anayekwenda kusema shairi mbele ya shule. Nina alama. Nina alama.

“Umeamkaje, Sekela?”

“Salama,” nikasema.

Nikanyanyuliwa.

*

Kanisa lilijaa ndizi, mahindi, maparachichi, magunia ya viazi mpaka kwenye ngazi za madhabahu. Mama Lusubilo alikuwa amevaa kitambaa kipya cha kichwa na amejipaka manukato mengi, na ni mimi peke yangu niliyejua sababu. Uso wake ulikuwa unang'aa, kumbe ni homa.

Aliimba ule ubeti. Sitausimulia, kwa kuwa yeyote aliyekuwepo anaukumbuka, na ambaye hakuwepo nitampunguzia utamu wake. Wanawake waliokuwa wanamfahamu kwa ncha ya benchi walilia wazi.

Wimbo ukaisha, mchungaji akasema tuketi. Kwaya ikakaa. Mama Lusubilo akabaki amesimama.

Kichwa chake kilikuwa kimeinama, mikono imening'inia. Watu wakadhani anaomba. Mchungaji naye akadhani hivyo, akanyamaza kwa heshima, na kanisa zima likanyamaza pamoja naye. Nilikuwa nyuma yake. Niliona mate yakidondoka kutoka mdomoni mwake juu ya mahindi.

Alikuwa amezimia. Mapacha yalikuwa yamemshika wima kama nguo iliyotundikwa, na magoti yalikuwa ya kijani. Goti la kulia likauliza, kwa sauti ileile ya upole, mama yuko salama? Likangoja sekunde tatu. Mtu mmoja kwenye benchi la mbele, kwa mazoea tu ya kujibu salamu, akaitikia chini chini, “Salama.”

Mapacha yakaendelea kusimama.

Ilibidi waje wanaume wanne. Hayakukubali kujikunja mpaka nilipotambaa nikachomoa betri kwa meno, maana vidole havikupenya. Hospitali walisema sumu ya kidonda imeingia kwenye damu. Walimlaza kifudifudi. Hakufumbua macho siku ile.

*

Jumatatu saa tatu asubuhi nilikuwa mbele ya kisanduku. Mkunde alikuwa amesimama pembeni, hanizuii, hanisaidii. Taa ndogo ikawaka.

“Habari yako, Sekela?”

Naapa nilikuwa nimejiandaa. Usiku mzima nilikuwa nimejiandaa.

“Nzuri,” nikasema, nikavuta pumzi.

“Tumefurahi kusikia. Asante kwa taarifa yako.” Taa ikazima.

 Hicho kisanduku nacho nilikifundisha mimi. Mkunde alisema hakifunguki tena kwa mtu yuleyule mpaka saa nzima ipite, ndivyo kilivyopangwa. Kisha akasema, bila kuniangalia, kwamba pengine hiyo ni ishara. Mama wa watu yuko hospitalini tayari, anatibiwa. Niende nyumbani nikapumzike.

Saa hiyo moja ilikuwa yangu. Ningeweza kuitumia kushuka ngazi na kwenda zangu, na hakuna ambaye angejua. Nilifikiri habari za mama yangu na kile kiti mwendo. Nilifikiri habari za Atupele na nyanya zake. Halafu nikaikumbuka ile sauti ya benchi la mbele, ikisema salama kwa niaba ya mtu aliyekuwa anakufa wima. Sauti elfu kumi na moja, nami nimezisemea zote kwa kitufe kimoja.

Nikavuka barabara kwa Mzee Mwasomola. Nikamwambia saa nne atafute kiti.

Alinitazama akaelewa. Alisema kiti chake alikipasua kuni siku aliyopewa mapacha. Nikamwomba aazime. Akasema nimalize niliyoyaanza, yeye ana kiatu cha mteja.

Nilimpigia simu Atupele, naye akawapigia wengine. Sijui waliomsikia ni wangapi. Njombe sina ninayemjua.

Saa nne ikapita kidogo, nikarudi.

“Habari yako, Sekela?”

“Jeraha,” nikasema.

Sijawahi kumjibu mtu hivyo, na mdomo wangu ulihisi kama nimemtukana mzazi. Lakini taa haikuzima. Nikasema yote, kidonda, pumzi, sekunde tatu, kijani. Nilipomaliza kisanduku kikashukuru.

Kijani kikatoka magotini mwangu. Hakukuwa na njano, hakukuwa na kitu. Mapacha yakajikunja polepole, kwa heshima, kama mtu anayekalia kigoda mbele ya wakwe. Mkunde alifanikiwa kunisogezea kiti. Kupitia dirishani nikamwona Mzee Mwasomola ng'ambo ya barabara, ameshika kiatu mkono mmoja na sindano mkono mwingine, anashuka kidogo kidogo nyuma ya meza yake. Alishuka mpaka kwenye matope. Kiatu cha mteja alikishikilia juu kisichafuke.

*

Manesi walipita nyumba kwa nyumba wiki hiyo na vioo. Katika watu arobaini na mmoja, kumi na wanne walikuwa na vidonda wasivyovijua. Mzee Mwasomola alikuwa na kimoja kisiginoni, mfupa unaonekana. Siku ile ya matope alikuwa hajui.

Lakini hilo halikuwafanya watu wanisamehe. Watu wawili wa kwaya walinipita sokoni bila kunisalimia, na huku kwetu hilo ni zaidi ya kofi. Atupele hunisalimia, ila hangoji nijibu. Mapacha yamekusanywa kwenye lori na kupelekwa nisikokujua. Juzi Mkunde alinitumia ujumbe kwamba kampuni inatafuta msikilizaji kwa mara nyingine, na kwamba safari hii wameongeza, sauti zitakuwa za sekunde sita. Nikamuuliza: na mtu akikaa sekunde saba? 

Leo mama amenisukuma mpaka hospitali. Ni siku ya tisa. Mama Lusubilo amefumbua macho tangu juzi, lakini walisema hataki kuzungumza na mtu, na wamemweleza ni nani aliyeyakalisha mapacha. Nilimkuta kifudifudi, uso umegeukia ukutani. Mama yangu akatuacha.

Nikasogeza kiti mwendo karibu na kitanda mpaka magurudumu yakagusa chuma.

“Shikamoo, mama. Umeamkaje?”

 Nje mvua ilianza, ikaacha, ikaanza tena.

“Salama,” akasema ukutani.

Kisha nikasikia anavuta pumzi.

Mikono yangu ilikuwa mapajani. Sikuisogeza. Nikangoja.